Mguu wa Kiti cha Ardis

Jumapili, Mei 4

Barafu imeondoka ziwani. Baada ya kanisa nimelitoa turubai. Boti nzima. Injini nzima. Panya hawakugusa nyaya. Furaha tupu, mpaka nilipoushika mguu wa kiti cha mbele, ile nguzo moja inayokibeba.

Haung'oki.

Nimevuta. Nimezungusha. Nimeukumbatia kwa mikono miwili nikavuta mpaka nikaona nyota. Umenasa ndani ya kitako chake, lile tundu la alumini kule sakafuni, na hautikisiki hata kidogo.

Na kumbe majira ya baridi nilikuwa na mpango mzuri sana. Wenzangu wote ziwani hung'oa miguu ya viti Oktoba na kuilaza gerejini. Mimi niliuacha palepale, nikapitisha turubai juu ya kiti likawa na mgongo, theluji ikawa inateleza yenyewe. Sikushika koleo hata siku moja. Nilijisifu dukani kwa Bev mpaka watu wakaanza kuhama meza. Sasa inaonekana maji yaliingia kitakoni, yakaganda, yakayeyuka, yakaganda tena, na alumini imeota ule unga mweupe. Mguu na kitako vimefunga ndoa.

Shida ni Ardis. Mke wangu alipasuliwa nyonga Februari. Daktari amemruhusu kwenda kuvua Jumamosi hii, siku ya kufungua msimu wa samaki wa wolai, lakini asikae mbele, mahali boti inaporusha. Akae katikati, kwenye kiti kirefu chenye mgongo. Kitako cha katikati kipo, kitupu, kinasubiri. Kiti ni kimoja tu na kiko mbele, kimeng'ang'ania. Mimi mahali pangu ni nyuma, kwenye benchi la injini.

Tangu tulipokuwa wachumba hatujaikosa siku hiyo tukiwa boti moja. Hata mwaka ule alipokuwa na mimba ya binti yetu Kirsten alikuja. Alitapika upande wa kulia na kuvua upande wa kushoto, na akanishinda.

Ardis amesema bila ukali wowote kwamba kiti kikihamia katikati atakuja, kisipohamia hawezi. Nimemwambia aondoe shaka.

Jirani yetu Royce Tidwell alichungulia kupitia miti. "Vipi jirani, nikupe mkono?" Nikamwambia aa, hapana, niko sawa. Royce ni mtu wa Teksasi, amehamia huku baada ya kustaafu. Mwezi wa tisa alinipa kopo la grisi, akaniambia ng'oa ile miguu, ifute, ipake hii, vitako navyo vipake, na kila ukitoka ziwani uizungushe kidogo isizoee. Nilimshukuru sana. Kopo liko kwenye rafu, halijafunguliwa. Sikubali mtu wa jangwani anifundishe boti.

Jumatatu, Mei 5

Nimemimina mafuta ya kulegeza kutu. Nikangoja. Nikamimina tena. Nimepiga kwa nyundo ya mpira, kisha kwa nyundo isiyo ya mpira. Mguu una michubuko. Mimi pia.

Nilikwenda dukani kwa Bev Klimek, anakouza chambo na kahawa, kuulizia mguu mwingine wa kiti. Akacheka kabla sijamaliza. Imekwisha tangu Aprili, mingine itafika wiki ijayo. Kumbe habari zilinitangulia. Wazee wote mezani walikuwa na maoni. Mmoja anasema petroli. Mmoja anasema moto. Mmoja anasema maombi. Bev akaniuliza mbele yao, "Mzee Merle, na ule mgongo wa turubai? Mwaka huu unatufundisha tena?"

Nimekunywa kahawa yangu nikiwa nimesimama.

Saa kumi jioni Royce akaja mwenyewe, amebeba spana ya bomba ndefu kama jembe. Akasema anayo hii, mikono ni minne, tungemaliza upesi. Nikamjibu asijisumbue, najua ana shughuli zake. Akasema hana shughuli. Nikamwambia basi apumzike.

Hiyo ni mara ya pili. Mambo yanakwenda vizuri. Kwetu mtu akikupa msaada unakataa, akirudia unakataa, akirudia mara ya tatu unasema haya, kama kweli huna kazi. Ndivyo marehemu mama alivyotulea, na ndivyo tulivyojenga kanisa zima. Kesho Royce atakuja mara ya tatu nami nitakubali. Nimemwomba Ardis aoke zile keki za mraba zenye chokoleti.

Jumanne, Mei 6

Royce hajaja.

Tangu asubuhi nimekaa ndani ya boti, juu ya trela, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho ananiona kutoka kwa Royce. Nimeshika spana yangu fupi. Nimeguna. Nimeguna kwa sauti. Saa tano alitoka nje, akanipungia mkono, akaingia kwenye gari akaenda mjini. Alirudi saa nane, akapunga tena. Nimepungiwa vya kutosha. Keki nimekula mwenyewe.

Ardis akatoka na mkongojo wake, akauliza kwa nini nisiende kumwomba. Nikamweleza kwamba haiombwi, inapewa. Akasema Royce amenipa mara mbili. Ndiyo, nikasema, bado moja. Akasema labda huko Teksasi hapana ni hapana. Sijawahi kusikia jambo la ajabu namna hiyo. Watu wangeishije?

Kisha akaniambia lile lililoniharibia siku. Asubuhi Royce alimwita kwenye uzio. Yeye ana boti ile pana ya maboya, yenye makochi na paa, chumba cha wageni kinachoelea. Amemwambia Jumamosi apande hiyo kama kiti hakijahama. Nikauliza akamjibu nini. Akasema alijibu ndiyo.

Mara ya kwanza!

Mwanamke aliyezaliwa na kulelewa katika kata hii, mtoto wa mzee wa kanisa, ameulizwa mara moja na akajibu ndiyo papo hapo. Nilidhani dawa za maumivu. Lakini akasema siku ile anasukumwa kwenye kitanda kuelekea chumba cha upasuaji alijiambia kwamba akitoka mzima, akiulizwa jambo analolitaka atasema analitaka. "Sina tena muda wa mara tatu, Merle." Akaongeza kwamba kiti kikiwa katikati Jumamosi, anakuja na mimi, na kwamba hilo ndilo analolipenda zaidi.

Nimelisikia hilo neno "zaidi". Nitaung'oa huu mguu hata kama utatoka na ziwa.

Jumatano, Mei 7

Mpango mkubwa. Mnyororo. Ncha moja kwenye mguu wa kiti, nyingine kwenye winchi, winchi kwenye boriti ya gereji. Nimeendesha greda la theluji la kata maisha yangu yote ya kazi, nimevuta malori kutoka mitaroni. Mguu wa kiti ni nini?

Nikazungusha. Mnyororo ukakaza. Nikazungusha. Kitu kikalia. Nikafurahi, nikazungusha kwa kasi. Nilipotazama chini, mguu ulikuwa umekaa vilevile na boti ilikuwa inapanda nao. Pua ya boti hewani. Trela imefuata, magurudumu ya mbele hayagusi sakafu. Boti nzima inaning'inia kwa mguu wa kiti ambao mimi, kwa kinywa changu, nilikuwa nimemwambia Ardis utatoka tu.

Ndipo boriti ikapasuka. Boti ikarudi chini kwa kishindo kilichomtoa Ardis ndani bila mkongojo. Hakuna kilichovunjika isipokuwa gereji.

Royce alikuwa amesimama barabarani na mbwa wake. Niliwaza, hii ndiyo ya tatu, hakuna mwanadamu anayeweza kuliona jambo hili akanyamaza. Nikapangusa mikono, nikajiandaa kusema haya, kama huna kazi. Akasema, "Naona uko sawa, jirani." Akaenda zake.

Nimempendekezea Ardis kiti cha plastiki cha bustanini, nikakifunge katikati kwa kamba za mpira. Alikitazama kiti, akanitazama mimi, akarudi ndani taratibu akishika ukuta.

Alhamisi, Mei 8

Leo ni sayansi. Chuma hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipata baridi. Mguu ni bomba, una uwazi ndani. Nikakifungua kiti juu yake, nikaujaza vipande vya barafu mpaka juu. Kisha birika la maji ya moto kuzunguka kitako. Kisha ruka, kamata spana, zungusha.

Na ukasogea! Naapa ulisogea. Unywele mmoja, lakini nilisikia ukilia kule ndani. Shida ni kwamba kutoka birikani hadi kwenye spana kuna hatua na umri wangu, na nilipopata mshiko kitako kilikuwa kimepoa. Nikarudi jikoni, nikachemsha, nikakimbia, nikamimina, nikaruka, kimepoa. Ardis alitoka akasema atanishikia birika, anaweza kusimama kidogo, yeye amimine na mimi nizungushe. Nikamwambia aa, hapana, nyonga hiyo, keti usijisumbue. Akasema hajisumbui. Nikamwambia keti.

Nikachukua kile kikausha nywele chake badala ya birika, ili mkono mmoja ushike joto na mwingine spana. Wazo safi kabisa. Kimeungua. Zulia la sakafu ya boti limeyeyuka kwa ukubwa wa sahani, na ile bushi ya plastiki iliyo kati ya mguu na kitako nadhani nayo imelainika na kushika upya, kwa sababu sasa hausogei hata ule unywele.

Nimekaa ndani ya boti nikalia kidogo. Naandika kwa kuwa hakuna anayesoma. Si kwa sababu ya mguu wa kiti. Februari nilikaa kwenye korido ya hospitali na koti lake mapajani, na muuguzi alikuja kuniuliza kama ninahitaji chochote, nikasema aa, hapana, niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa nikiwaza boti yenye mtu mmoja. Niliogopa hilo tu, mchana kutwa. Sasa mke wangu yu hai, yuko jikoni, anataka kuja, na mimi ndiye ninayeshindwa kumpa pa kukaa.

Nitamnunulia kikausha kingine.

Ijumaa, Mei 9

Nimeamua kuomba. Nimefika mwisho wangu.

Lakini mtu haendi kwa jirani mikono mitupu akaanza kuomba. Nimebeba bakuli la oveni, nyama ya kusaga chini na viazi vidogovidogo vya kukaanga juu, moto moto. Royce akanikaribisha. Tukazungumza kuhusu upepo. Tukazungumza kuhusu barafu ilivyochelewa kutoka. Nikataja mara kadhaa, kwa mbali, kwamba alumini ni chuma chenye kiburi. Akasema kweli. Nikataja kwamba mtu mmoja ana mikono miwili tu. Akasema hilo nalo ni kweli, akaniongezea kahawa.

Nikapiga mapaja nikasema haya, basi, ngoja niende. Nikasimama. Nikasimama tena mlangoni. Tukazungumza kuhusu mbwa. Nikasimama kwenye ngazi. Tukazungumza kuhusu mvua. Nikasimama kando ya uzio.

Hapo Royce akanitazama usoni, akasema, "Merle, ndugu yangu, hukuja hapa kwa sababu ya viazi. Una shida gani? Niambie."

Nikasema, "Aa, hapana. Niko sawa."

Kinywa kilisema chenyewe. Mimi nilikuwa bado nawaza. Akainua mikono kidogo, akaishusha, akanishukuru kwa chakula, akaingia ndani.

Nimetembea nyumbani nikipiga hesabu. Je, hiyo ilikuwa mara ya tatu? Kama ilikuwa ya tatu, nimekataa ya tatu, jambo ambalo sijasikia mtu akilifanya katika kata hii. Lakini zile mbili za mwanzo alizitoa kwangu, na hii ameitoa kwake. Uwanja mwingine. Nadhani hesabu huanza upya. Kwa hiyo leo ilikuwa ya kwanza na bado nina mbili, ila msimu unafunguliwa kesho.

Ardis ameweka chupa yake ya kahawa mezani. Moja. Kwa kawaida huwa ni mbili. Sikuuliza.

Jumamosi, Mei 10

Siku yenyewe. Hewa baridi, maji yametulia, boti kila upande. Nimeiteremsha yangu majini na kuifunga gatini. Kiti kiko mbele, kimekaa kwa heshima zake zote, hakuna mtu juu yake.

Royce alikuja na chumba chake cha wageni mpaka gatini kwetu. Ardis akapanda bila kushikwa, akaketi kwenye kochi, akajifunika blanketi la Royce. Kisha akageuka, akasema, "Nafasi ipo, Merle. Njoo tukae wote." Nikasema aa, hapana, nendeni tu. Akasema, "Nakuuliza mara moja." Nilimwelewa. Najua nilimwelewa kwa sababu moyo ulidunda. Nikasema msijisumbue kwa ajili yangu.

Royce akasukuma boti kutoka gatini.

Nimevua peke yangu. Ruba bora kabisa za chambo kutoka kwa Bev, na hakuna samaki aliyezigusa. Kila nilipoinua macho niliona kile kiti. Sauti husafiri sana juu ya maji. Nilimsikia Ardis akicheka, kisha akanyamaza, kisha Royce akapiga ukelele wa kwao wa ng'ombe, na nikajua Ardis kashika samaki mkubwa. Ni mimi ambaye siku zote nilimshikia wavu. Nimeona wavu wa mwanamume mwingine ukiingia majini chini ya samaki wa mke wangu. Niliumia, nikatazama upande wa pili ambako hapakuwa na kitu cha kutazama.

Jioni nilikuwa gerejini nikiitegemeza boriti. Nikasikia birika likipiga mluzi, kisha sauti gatini. Nilipotoka, Ardis alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boti yangu akimimina maji ya moto kuzunguka kitako, polepole, bila kukatiza. Barafu ndani ya bomba. Royce ameshika spana yake ndefu, analegeza kushoto, anarudi kulia, kushoto, kulia. Hakuvuta kwa nguvu. Mguu ukalia, ukazunguka, ukatoka mkononi mwake.

Ardis alikuwa amemwomba. Kwa neno moja, nasikia. Njoo.

Royce akaukwangua ule unga mweupe kwa msasa, akaukausha, akafungua kopo lililokuwa kwenye rafu yangu na kupaka mguu na vitako vyote viwili. Akauingiza katikati. Ukashuka kama kisu kwenye siagi. Akanieleza tena: ng'oa kila ukirudi, usiuache ulale na maji, usikose grisi. Nikamshukuru. Nikamwambia lazima nilikuwa nimeshaulegeza tangu Alhamisi. Akasema inawezekana.

Ardis alikikalia kiti pale katikati, boti ikiwa imefungwa, kisha akaomba nimshike mkono ashuke. Hakuomba mara mbili. Nilimshika.

Jumapili, Mei 11

Siku ya akina mama. Kirsten alipiga simu asubuhi, akazungumza na mama yake, wakacheka juu ya jambo walilolinyamazia nilipoingia.

Nimetaka kumpa Ardis zawadi ya kweli. Nimekwenda gatini peke yangu nikautoa ule mguu. Grisi kila mahali! Ingeharibu suruali yake nzuri ya kijivu. Nimeifuta yote kwa petroli na kitambaa, mguu ukang'aa, vitako vikang'aa. Halafu nimegundua kwamba bila grisi unacheza kidogo, na daktari amekataza mtikisiko. Kwa hiyo nimeuingiza mkavu na kuushindilia kwa nyundo mpaka ukakaa imara kabisa. Sasa hautikisiki. Huko ndiko kumjali mtu.

Ardis ameshuka mpaka gatini akiwa na chupa mbili za kahawa. Mbili! Upepo umelala, jua bado lipo. Ameuliza kama ningependa twende wote, mimi na yeye, mpaka kule kwenye matete na kurudi.

Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hiki. Nimemjibu kwa upole wote nilio nao kwamba kama amechoka asijisumbue kwa ajili yangu.

Amegeuka. Kisha ameanza kupanda kurudi nyumbani, taratibu, kwa ajili ya nyonga. Sina wasiwasi. Bado mara mbili.